Ukuta wa Kitanda cha Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni siku ya tisa tangu nitoke nyumbani. Daftari hili alinipa mke wangu asubuhi ya kuondoka. Alisema, "Kwenye simu wewe ni 'mzima, mzima, salimia watoto,' halafu kimya. Basi andika. Ukirudi nitasoma mwenyewe." Siku nane nimelibeba tu. Leo mvua imetusimamisha kazi saa tisa, sina kisingizio. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mama watoto, ukikuta sentensi imekaa vibaya, ivumilie kama unavyonivumilia mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna zahanati ya zamani, na ndani yake wodi ya vitanda kumi na viwili. Kuta ni za mawe, nene kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Wodi nzima ina taa mbili zinazoning'inia katikati ya dari kama matunda yaliyosahaulika. Muuguzi mkuu, ambaye sote tunamwita Sista, anasema ameshona majeraha ya watu akiwa ameuma tochi kwa meno. Sisi tunaweka taa mpya juu ya kila kitanda, na waya wote upite ndani ya ukuta, usionekane.

Fundi wa umeme anachora mstari. Mimi nachimba mfereji kwa tindo na nyundo, upana wa vidole viwili, kina cha vidole vitatu. Humo linalala bomba la plastiki, na ndani ya bomba zitapita nyaya. Kisha fundi wa lipu anafunika kwa simenti, na ukuta unakuwa kama haujawahi kuguswa. Kwa sababu ya kazi hiyo wameniita Tindo. Shemeji yangu alinicheka kituoni: "Unasafiri siku mbili kwenda kudonoa ukuta kama kuku?" Nikamwambia hata kuku anakula.

Fundi wetu ni mwanamke, umri wake hamsini na kitu, mfupi, suruali yake ina mifuko isiyohesabika. Mmoja una timazi, kile kipande cha chuma chenye uzi cha kupimia kama kitu kimesimama wima. Haachani nayo. Sijawahi kufanya kazi chini ya mwanamke. Simsemi vibaya, nasema tu kwamba siku zote hizi sijaona meno yake.

Lakini nimekuja kwa ajili yake. Aliniahidi kwamba nikimaliza wodi hii akaridhika, ataniandikia barua ya kusema mimi ni fundi wa kulaza nyaya. Kwetu wanajenga shule mpya na wanataka watu wenye barua. Bila barua mimi ni wa kubeba mchanga. Nikiwa nayo, nafanya kazi na jioni nalala kwangu. Miaka kumi na moja nimekuwa baba wa kwenye simu. Amesema mwisho wa Aprili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mvua. Kitanda cha kwanza kimekwisha. Viganja vinawaka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Cha pili na cha tatu. Nimeanza kuujua ukuta. Ukigonga ukasikia sauti nene, hapo ni jiwe. Sauti ya kopo maana yake ni chokaa ya zamani, na tindo inaingia kama kwenye muhogo uliopikwa.

Nalala chumba kimoja na fundi wa lipu. Tunamwita Lipu, na yeye mwenyewe anajiita hivyo. Ni mtu wa maneno. "Lipu yangu," anasema, "ukiipitisha shavuni hutajua kama ni ukuta au ni shavu la mtoto mchanga." Nikamuuliza ni nani aliyewahi kupitisha shavu ukutani. Akasema wengi, ila wanaona haya kusema. Huyu nimempenda. Tumekubaliana kwamba Fundi ana roho ya chuma.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo nimelishinda jiwe. Acha niandike vizuri, maana nimejipongeza peke yangu mchana kutwa.

Fundi yuko mjini tangu jana kutafuta maboksi ya swichi. Alituachia mistari imechorwa. Kwenye kitanda cha nne mstari unashuka wima kutoka darini hadi mahali pa taa. Nilipofika katikati, tindo ikaruka. Nikapiga tena, ikaruka, na ncha ikakatika. Jiwe jeusi, pana kama sinia, limekaa pale tangu babu wa babu. Nikapiga saa mbili, nikapata unga wa kujaza kijiko.

Nikakaa chini nikafikiri. Mbona nisilizunguke? Kushoto kwake kulikuwa na chokaa laini. Nikachimba kwenda kushoto shibiri mbili, nikashuka, nikarudi kulia hadi kwenye taa, kama mtu anayekwepa dimbwi. Bomba likakunjika bila kukatika. Saa nzima tu. Lipu akasema, "Kaka, wewe ni mhandisi uliyekosa shule," akafunika palepale kabla simenti yake haijakauka kwenye karai.

Kibarua angelipiga jiwe lile hadi Jumatatu. Mimi nimetumia kichwa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fundi amerudi. Akatembea wodini kimya, akagusa lipu, akahesabu vitanda. Akasema, "Mmekwenda mbele ya nilivyopanga. Vizuri, Tindo." Vizuri! Nilijifanya natafuta nyundo ili asione uso wangu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mvua kutwa. Simenti haikauki. Kitanda cha sita.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Wagonjwa wamehamishiwa ghala la nyuma mpaka tumalize, na ghala linavuja. Leo nimemwona Sista akisukuma kitanda kimoja peke yake kukitoa chini ya tone, mgonjwa akiwa juu yake anashika ndoo. Nikaenda kusaidia. Akaniuliza, "Baba, mnamaliza lini?" Nikamwambia tunakaza. Nikarudi nikapiga hadi mkono ukafa ganzi. Kitanda cha nane.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Leo nimejifunza jambo ambalo ningependa nisingejifunza.

Kwenye kitanda cha kumi dirisha liko karibu. Nikaona kwamba tukikata kimshazari tutaokoa bomba la urefu wa mkono. Nikamwambia Fundi, tena kwa majivuno kidogo. Akatoa timazi mfukoni, akaining'iniza darini, uzi ukapita mbele ya shimo la taa.

"Unaona nini?"

"Uzi, Mama."

"Unakwenda wapi?"

"Chini."

"Sawasawa. Sasa chukulia miaka ishirini imepita. Mimi nimekufa, wewe umezeeka, lipu iko safi. Mtu anataka kutundika kitu hapa. Atamuuliza nani waya uko wapi?"

"Hakuna wa kumuuliza."

"Ataitazama taa. Atajua waya wake umeshuka wima kutoka juu, hauwezi kuwa pengine, kwa sababu ndivyo mafundi wote tunavyofanya. Atasogea pembeni shibiri moja, ataweka drili yake, na mawazo yake yako kwenye chakula cha mchana. Huyo mtu amekuamini na hata hajui kama ulizaliwa. Ukipindisha, umemtegea mtego na kuupaka lipu juu."

Akaikunja timazi akairudisha mfukoni. "Kwenye taa ni wima tu. Hakuna njia ya pili."

Nilitazama ng'ambo ya wodi, kitanda cha nne, ukuta mweupe, mzuri, kimya.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Sikusema.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Sikusema. Mvua.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Tumeanza kuvuta nyaya. Fundi anasukuma waya mgumu wa kuvutia kutoka juu, mimi napokea chini, kisha tunafunga nyaya na kuzivuta. Cha kwanza ziliteleza, cha pili, cha tatu. Cha nne zikagoma.

"Mbona zinavuta nzito hapa?" Fundi akauliza kutoka kwenye ngazi.

Lipu alikuwa anachanganya simenti pale pembeni. Akainama kwenye karai kama mtu anayesoma barua.

"Labda kuna mchanga ndani," nikasema.

Akavuta tena, zikapita. Akakaa juu ya ngazi kitambo, anatazama ukuta. Kisha akashuka, akasogeza ngazi kwenye kitanda cha tano. Jasho lililonitoka halikuwa la kazi.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Nimemwambia Lipu kwamba nataka kwenda kusema. Akaacha kula.

"Useme nini? Waya umepita, taa itawaka. Unataka nini tena, cheti cha ujinga?"

"Mtu atakuja kutoboa pale."

"Nani? Lini? Kaka, una mke anakusubiri. Barua yako iko mlangoni, wewe unataka kuipiga teke. Na mimi je? Lipu ile nimeisugua siku mbili. Ukisema wewe, ataniuliza mimi nilikuwa nafunika nikiwa na macho au sina."

"Ulikuwa nayo."

"Basi tuyafumbe wote wawili."

Nilicheka, ingawa sikufurahi. Rafiki mwema ni yule anayekuambia unachotaka kusikia, ndivyo nilivyofikiri mwanzo. Sasa sina hakika. Na yule mwenye roho ya chuma, leo nimemwona akimpelekea Sista turubai lake mwenyewe la kufunika ghala, bila kumwambia mtu.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Ukuta umepakwa rangi, nyeupe juu, kijani chini. Seremala amekuja kufunga ndoano za chuma za kuning'inizia chupa za dripu, shibiri moja kushoto ya kila taa. Shibiri moja kushoto! Nilimkimbilia kabla hajafika cha nne.

"Hapa weka kulia."

"Kwa nini?"

"Kuna jiwe, drili yako itakufa."

Haikuwa uongo mtupu. Jiwe lipo. Akaweka kulia. Kwa hiyo vitanda kumi na kimoja vina ndoano kushoto, kimoja kulia. Lipu akanikonyeza. "Umeona? Yamekwisha." Nikajiambia yamekwisha.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Leo nitaandika yote.

Saa nne asubuhi Fundi aliwasha. Taa kumi na mbili kwa mpigo. Nje kulikuwa na wingu zito, na wodi ikang'aa hadi pembeni. Sista aliweka mikono kichwani. Akatembea kitanda hadi kitanda, anazima, anawasha, anaweka kiganja chake chini ya mwanga na kutazama mishipa ya mkono wake. "Naiona," alisema. "Jamani, naiona yote." Machozi yalimlenga. Nami nilijaa kifua kama puto. Nikasema moyoni, mikono hii ndiyo iliyofungua kuta hizi.

Fundi akanigusa bega. "Jioni tukae tuandike ile barua."

Kisha Sista akaenda ofisini kwake akarudi na saa kubwa ya ukutani, nyundo na msumari mrefu kama kidole changu cha kati. Alikuwa anacheka. "Na mimi leo ni fundi," akasema. "Vitanda vyote mmejaza vyuma, ila hapa kwenye cha nne mmeniachia nafasi nzuri. Nikikaa mezani kwangu naiona saa moja kwa moja."

Akasimama kushoto ya taa. Akaweka msumari ukutani, shibiri moja hasa kutoka kwenye taa, pale ambapo kila mtu mwenye akili angeweka. Nafasi ile nilikuwa nimemtengenezea mimi. Nilimwondoa seremala kwa uongo wangu, nikamwita Sista. Na umeme ulikuwa unapita.

Akainua nyundo.

"Sista! Weka chini hiyo nyundo!"

Sauti ilitoka kubwa mno. Wote wakageuka. Sista akabaki mkono juu, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Kuna nini?" Fundi akauliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Rangi bado mbichi, Sista. Maneno manne tu. Lipu alikuwa ananitazama, midomo yake inayatamka kabisa: rangi, rangi. Jioni barua. Mwisho wa mwezi nyumbani.

Nikamtazama Sista, msumari bado uko katikati ya vidole vyake. Nikaona kwamba leo ningemzuia kwa rangi. Wiki ijayo je, mimi nikiwa sipo?

"Waya uko hapo," nikasema. "Haukushuka wima. Nilikuta jiwe nikalizunguka, ulipokuwa mjini. Mimi ndiye niliyemwambia seremala ahamishe ndoano."

Taa zinawaka tu.

Fundi hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alikwenda akakata umeme wa wodi nzima, akarudi. "Nionyeshe." Nikachora kwa penseli juu ya rangi mpya njia nzima ya bomba, shibiri mbili kushoto, chini, kurudi kulia. Msumari ulikuwa umeacha alama ndogo kwenye rangi. Mstari wangu ulipita juu yake.

Sista akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro. "Mungu wangu," akasema polepole.

"Nani alifunika?" Fundi akauliza.

Nikaweka penseli mfukoni. Lipu akasema, "Mimi mtu wa simenti, Bosi, mambo ya waya siyajui," akatoka nje kwenye mvua.

"Siku ngapi umejua kwamba ni kosa?" Fundi akaniuliza.

"Tangu uliponionyesha timazi. Siku kumi na sita."

Akatikisa kichwa. "Chukua tindo. Wagonjwa wanarudi Jumatatu. Na hilo jiwe utapita katikati yake."

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Nimevunja lipu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Lipu alisimama mlangoni. "Unanichuna uso, wewe! Unanichuna uso nikiwa hai!" Nikaendelea. Nilitoa bomba la zamani, nikaziba njia ya kushoto kwa vipande vya mawe na simenti, ili ukuta usibaki na pengo. Kisha nikaligeukia jiwe.

Asubuhi hadi jioni: kina cha kidole kimoja. Ncha nne za tindo.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Fundi alikuja saa tano, akanitazama nikipiga. Nikangoja maneno makali. Akasema, "Unalipiga kama unalidai. Geuza tindo kidogo kila pigo. Jiwe lina nyuzi kama mbao, zitafute." Akaishika tindo mwenyewe, akapiga mapigo matatu mepesi, kipande kama sarafu kikaruka. Akanirudishia.

"Mama, hukuniambia mwanzo kwamba kuna namna."

"Ulipolikuta hukuniuliza. Ulikuwa unashindana na nani? Mimi ningesubiri hata wiki."

Alisema hivyo akaenda zake. Nimeyatafuna maneno hayo mchana kutwa. Kweli, nilikuwa nashindana na nani? Leo kina kimefika vidole viwili.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Saa nane mchana tindo ilitokea upande wa pili wa jiwe. Mfereji umenyooka, vidole vitatu kina, umepita katikati ya jiwe jeusi kama kisu kwenye keki. Nililaza bomba, Fundi akaning'iniza timazi. Uzi ulilala katikati ya bomba kutoka darini hadi kwenye taa. Akaikunja timazi akairudisha mfukoni. Nyaya zikavutwa, zikateleza kama zimepakwa mafuta.

Halafu Lipu akaingia, karai begani. Hakunisalimu. Akatazama jiwe, akalipitishia kidole. "Mpumbavu mwenye mkono mzuri," akasema. Akamgeukia Fundi. "Bosi, niliona. Siku ile nilifunika nikiwa na macho yote mawili." Fundi akasema, "Najua. Funika tena." Akapiga lipu hadi jioni, akiwa amewasha jiko la mkaa chini ya ukuta ili likaushe, kwa sababu mvua haikukatika hata dakika moja. Alinitukana muda wote. Yalikuwa matusi ya ndugu.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Wagonjwa wamerudi. Saa iko ukutani, kushoto ya taa ya nne. Sista aliipigilia mwenyewe. Aliniita nimshikie ngazi, na kabla ya kupiga aliniuliza, "Sasa niamini?" Nikamwambia, "Niamini, Sista." Akapiga bila kufumba macho. Mimi ndiye niliyefumba.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Hukumu. Fundi alinikalisha kwenye ngazi ya mlango.

"Barua siandiki mwezi huu. Umenyamaza siku kumi na sita, na kwa kazi yetu hizo ni nyingi. Lakini nina jengo la pili, vyumba saba vya madaktari. Utavifanya peke yako. Utachora mistari wewe, utachimba, utalaza, utavuta. Mimi nitaunganisha tu na kupima. Ukitaka kwenda nyumbani, nenda, sikushikilii."

Nilimpigia mke wangu. Nilimweleza yote, hata ya uongo kwa seremala.

"Na huyo muuguzi hakuumia?"

"Hakuumia."

"Basi kaa umalize," akasema. "Watoto nitawaambia baba anarudia mtihani." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na ilikuwa vigumu kukata simu.

Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Chumba cha kwanza. Nilishika penseli mbele ya ukuta mtupu nusu saa. Kuchimba mstari wa mtu ni kazi ya mkono. Kuchora wako ni jambo lingine.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Chumba cha kwanza kimekwisha. Mvua.

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Chumba cha tatu. Jiwe tena, dogo. Nimelitafutia nyuzi, likafunguka kabla ya chai. Nilimwita Lipu aje aone, akasema hana muda wa kutazama mawe ya watu, akaja.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Hakuna jipya. Nimechimba tu.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Chumba cha tano. Mvua imepungua, inakuja mchana na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Leo Fundi alikula nasi. Lipu alimsimulia habari ya shavu na ukuta. Akacheka! Ushahidi wa meno ninao. Ana pengo moja upande wa kulia.

Jumanne, tarehe 27 Mei

Vyumba vyote saba vimefunikwa na kupakwa rangi. Asubuhi Fundi alikuja na seremala, yule yule, na mbao za rafu. Akakata umeme. Akamwambia seremala mbele yangu, "Vyumba saba, rafu mbili kila chumba. Toboa unapotaka kwa kanuni yako. Usimuulize huyu kitu. Na wewe, Tindo, funga mdomo."

Matundu hamsini na sita. Nilihesabu kila moja. Seremala anatazama taa, anatazama swichi, anasogea pembeni, anatoboa, huku anapiga mluzi. Drili inalia na mimi roho iko mkononi. Nilikuwa nazijua kuta zile kama kiganja changu, nilijua kabisa hakuna kitu pale, na bado kila tundu nilivuta pumzi nikasahau kuitoa. Chumba cha nne seremala akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Fundi akasema, "Hajambo. Toboa."

Saa tisa alimaliza. Fundi akatoa kile kipimo chake cha kuonyesha kama waya umejeruhiwa, akapima waya mmoja mmoja, chumba kwa chumba. Mimi nilisimama ukumbini. Alipotoka cha saba alikuwa anakunja nyaya za kipimo.

"Zote nzima," akasema.

Nikageukia dirishani kidogo. Nje hakukuwa na kitu cha kutazama.

Ijumaa, tarehe 30 Mei

Barua ninayo. Ameiandika kwa mkono wake na kuigonga muhuri. Nainakili hapa neno kwa neno:

"Mwenye barua hii ni fundi wa kulaza nyaya katika kuta za mawe. Amelaza wodi moja pamoja nami na vyumba saba peke yake. Mara moja alipindisha njia ya waya, akanyamaza, kisha akasema mwenyewe mbele ya watu, ukuta ukiwa umeshapakwa rangi. Aliuvunja na kuurudia. Mpeni kazi, na msimsimamie sana."

Nilisoma mara mbili, masikio yakawaka moto.

"Mama, nashukuru. Lakini hii ya kupindisha ungeiacha. Nani atamwajiri mtu mwenye barua inayomshtaki?"

"Anayejua kazi atakuajiri. Asiyejua, usimfanyie kazi." Akafunga kalamu. "Ningeitoa hiyo sentensi, nisingekuwa na sababu ya kuandika ile ya mwisho."

Nilimsomea mke wangu kwenye simu. Akasema, "Rudia pale pa kuvunja." Nikarudia. "Tena." Nikarudia, na safari hii nilisikia kwamba nasoma kwa sauti kubwa, Lipu na seremala wako pale, wala sikuipunguza.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimebaki na kusafisha na kukabidhi vifaa. Natoka hapa Jumamosi kwa basi la alfajiri. Mama watoto, nategemea kufika Jumapili tarehe 8 Juni, mchana, njia isipokuwa na matope. Jumatatu tarehe 9 nakwenda kwenye ujenzi wa shule na barua, kwa miguu, na jioni yake nitarudi nyumbani.